Gari Linalopona Usiku

Gari langu lilikuwa linaumwa mchana na kupona usiku. Sitanii. Nikiwa katikati ya kazi, nimebeba mikate ya watu, jua limeshika kasi, injini inakohoa mara moja, taa ya injini inawaka njano kwenye dashibodi, halafu kimya. Nabaki nimeshika usukani kama mtu aliyeshika mpini bila jembe. Nalisukuma pembeni, nafungua boneti, nasubiri lipoe. Likishapoa linawaka lenyewe bila kubembelezwa, naendelea na safari, na ile taa inanikodolea macho mpaka nyumbani. Asubuhi nikiwasha, taa haipo. Injini inanguruma vizuri, kama vile jana nilikuwa naota.

Mtu ambaye hajawahi kuwa na gari la namna hiyo atasema kuharibika ni kuharibika. Si kweli. Gari lililokufa moja kwa moja linakupumzisha, unajua pa kulia. Hili la leo ndiyo, kesho hapana, linakuchosha mpaka ndani ya mifupa, kwa sababu kila asubuhi linakupa matumaini na kila alasiri linakunyang'anya.

Kazi yangu ni kusambaza mikate. Bekari inaoka mara mbili, alfajiri na mchana, na mimi nazunguka mara mbili, duka kwa duka. Mzunguko wa asubuhi gari lilikuwa halina neno. Ni ule wa alasiri ndio ulioniua, wakati lami inawaka na injini haijapumzika tangu kuche. Mwenye bekari ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Tukiwa mbele yake tunamwita bosi, akigeuka tunamwita Mama Tanuri. Nilikuwa nimeshamchelewesha mara kadhaa. Kuna kijana alikuwa ananunua mikate pale kwa ajili ya duka la shangazi yake, ana gari dogo jipya la mizigo, jeupe, na kila aliponikuta getini alikuwa ananiuliza hali ya gari langu kwa upole sana. Upole wa namna ile naujua. Ni wa mtu anayekuulizia mgonjwa huku ameshapima kitanda chake.

Gereji ninayoenda ipo kwenye mtaa wa gereji tupu, zimepangana kama meno, na mtaa mzima una mashine moja ya kusomea makosa ya injini. Mwenye mashine ni fundi mmoja mwembamba tunayemwita Kipimo. Asubuhi anakuwa gereji yetu, ikifika mchana anabeba mashine yake anaenda kuhudumia gereji nyingine za mbali, jioni anafunga. Kwa hiyo mimi nilikuwa namwona asubuhi tu, nikishamaliza mzunguko wa kwanza. Yaani namwona wakati gari limeshapona.

"Mkate Moto kaja na jini lake," walikuwa wanasema mafundi wakiniona naingia.

Kipimo anachomeka waya wake chini ya usukani, anatazama kioo cha mashine, anasonya. "Hakuna kosa lolote, kaka. Gari yako iko safi."

"Jana imezima barabarani, taa ikawaka."

"Ikiwaka taa, kosa linaandikwa ndani. Linakaa humo hata ukizima gari, hata ukilala ukiamka. Hapa hakuna kilichoandikwa."

"Kwa hiyo mimi muongo?"

"Sijasema. Nasema gari yako inaona haya mbele ya wageni."

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, maana ningefanya nini. Kwa kuwa mashine haisemi, tukawa tunabahatisha. Tukabadilisha plagi. Tukabadilisha koili. Tukabadilisha chujio, tukaja kwenye pampu ya mafuta. Kila kifaa kipya kilinifurahisha siku mbili tatu, halafu alasiri moja injini inakohoa tena, na najua.

Nyumbani sikusema. Nikifika nimechoka, nanawa, nakula, nalala mapema kwa sababu naamka kabla ya jogoo. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea palepale sebuleni karibu na dirisha, na jioni anakuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hata yeye si wa maneno mengi. Watoto wameshaondoka, wana maisha yao. Chumba chao anakaa baba mkwe. Alikuja kwetu baada ya mama mkwe kufariki. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu miaka mingi, mpaka mtoto wa jicho akamshika macho yote mawili. Sasa anaona kivuli cha mtu, haoni sura. Ni mzee mpole, hana makuu, chai akipewa anashukuru, asipopewa hasemi. Tunaheshimiana. Mimi namwita mzee, yeye ananiita mkwe, na kwa kweli tangu aje tulikuwa hatujazungumza kitu kinachozidi habari za hali ya hewa.

Sasa asubuhi hiyo ninayotaka kuisimulia, Kipimo alichomeka mashine kama kawaida, akakuta hakuna kitu kama kawaida. Alikuwa anajiandaa kuchomoa, macho yake yakaenda kwenye saa ya dashibodi.

"Saa yako mbona inasema uongo?"

"Achana nayo. Kila asubuhi inaanza upya. Hata redio inasahau stesheni zote. Gari mzee huyu, kichwa kimechoka."

Kipimo aliniangalia. Alikuwa hacheki tena. "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

Akatoka, akafungua boneti, akainama juu ya betri. Akaniita. "Njoo uone. Angalia betri ya ile gari pale, na ile pale. Unaona ule unga mweupe kichwani? Betri zote zina kutu. Yako upande wa hasi inang'aa kama kijiko. Na hii nati imeliwa na spana, imefunguliwa ikafungwa, ikafunguliwa ikafungwa. Nani anakata betri yako?"

"Hakuna mtu."

"Kaka, ukikata waya wa betri, kompyuta ya gari inasahau kila kitu. Saa, redio, na makosa yote yaliyoandikwa. Taa inazima. Mimi hapa nasoma karatasi ambayo mtu ameshaifuta. Kwenu nani anashika spana?"

Nikafungua mdomo kusema tena hakuna, nikaufunga. Nilikumbuka jioni moja, zamani kidogo, tukiwa tunakula. Wakati ule betri ilikuwa inanifia. Nikiamka nakuta gari halina umeme, kuna kitu kinainyonya usiku kucha na hakuna fundi aliyekipata. Nilikuwa nimelalamika pale mezani, kwa uchungu, kwamba siku moja betri hii itanifukuzisha kazi. Mzee alikuwa anatafuna taratibu, hakuchangia. Tangu wakati ule betri haikunifia tena. Mimi nikajisifu kwamba ni yale maji niliyoiongezea.

"Ni mkwe wangu," nikasema.

"Mwambie aache."

"Ni baba wa mke wangu, Kipimo. Si kijana wa kuosha magari."

"Basi mwambie kwa adabu aache." Akafunga boneti. "Sikiliza. Leo ikizima na taa ikawaka, betri isiguswe. Niletee kesho asubuhi na taa yake ikiwa inawaka. Nikiliona hilo kosa mara moja tu, nimelimaliza."

"Betri ikiachwa usiku inakufa. Na nikichelewa asubuhi sina kazi."

Alikuna shingo. "Hapo sasa," akasema, akabeba mashine yake akaenda kwenye gari lingine.

Alasiri ile ile likazima. Lilichagua mahali pazuri, kwenye taa za barabarani, magari nyuma yangu yanapiga honi kama harusi. Taa ya njano hiyo hapo. Nilisukuma peke yangu, mkono mmoja kwenye usukani, bega kwenye fremu ya mlango, na mwenye basi akanipitia akaniambia nimpelekee mama yangu hilo gari akafugie kuku. Nikasubiri lipoe. Duka la mwisho nilifika wakati wameshawasha taa, na mwenye duka alikuwa ameshampigia simu Mama Tanuri.

Niliporudisha kreti tupu alikuwa amesimama getini, mikono kiunoni.

"Mkate wa jioni unaufikisha watu wakiwa wanapiga mswaki?"

"Gari lilizima, bosi."

"Gari lako linazima kuliko taa za mtaani. Mimi sina ugomvi na wewe, wewe ni mtu wa kazi. Lakini nina ugomvi na gari lako. Nimekuvumilia, sasa nimefika mwisho. Ukichelewa tena, asubuhi au jioni, hata kwa kidogo, nampa yule kijana mzunguko wako. Na kesho asubuhi nimemwambia awe hapa getini na gari lake, tupu. Usije ukasema sikukuonya."

"Sawa, bosi."

"Usiniitikie sawa kwa unyonge hivyo, unanitia huruma, na mimi huruma sitaki."

Nikaendesha mpaka nyumbani na ile taa usoni. Hesabu yangu ilikuwa rahisi na mbaya. Mzee akikata betri, kesho gari litawaka, nitawahi, na kosa litafutika, halafu keshokutwa au siku inayofuata nitazima tena alasiri na kazi imekwisha. Asipokata, kosa litakaa, lakini betri inaweza kufa usiku, na kazi imekwisha kesho asubuhi. Nilichoka hata kuchagua. Nikasema liwalo na liwe, nataka kujua hili gari linaumwa nini.

Sikuliegesha uani. Nililiacha nje, juu kidogo pale mtaa unapoinuka, pua ikielekea chini.

Mke wangu alikuwa anakata kitambaa. Nilimweleza kila kitu, kuanzia mwanzo. Alitoa pini mdomoni moja moja akazichoma kwenye mto wake mdogo.

"Kwa hiyo unazima barabarani muda wote huu, na mimi nalala na wewe kitanda kimoja sijui?"

"Nilikuwa nachoka."

"Kuchoka na kufunga mdomo ni vitu viwili."

"Sasa mwambie baba asikate betri leo."

"Nimwambie mimi? Gari ni lako."

"Baba ni wako."

"Akinisikia mimi atajua umenituma, atajua umemwogopa, itakuwa mbaya zaidi. Nenda kamwambie mwenyewe. Na umwambie vizuri."

Nje giza lilikuwa limeshaingia, kumebaki mwanga wa taa ya dirishani. Mzee alikuwa ameshatoka. Nilimkuta anapapasa ukuta uani, anatafuta gari mahali ambapo huwa linakaa. Mkononi alikuwa na spana namba kumi na kitambaa. Nilisimama nikimwangalia anavyoshika hewa, nikajisikia vibaya.

"Liko nje, mzee. Nimeliweka juu ya mteremko."

Alishtuka kidogo, akaficha spana nyuma ya mgongo kama mtoto. "Nilikuwa napunga upepo."

"Mzee, leo usikate betri."

"Nani kakwambia nakata?"

"Betri yenyewe. Inang'aa."

"Eh." Akatabasamu peke yake. "Huwa naifuta nikimaliza. Naifungua jioni ukishaingia ndani, alfajiri naamka kabla yako naifunga. Ulisema itakufukuzisha kazi."

"Nilisema. Ulinisaidia, na mimi sikujua. Lakini haya magari yana kumbukumbu ndani, na kumbukumbu hiyo inaishi kwa umeme wa betri. Gari likiharibika linaandika limeharibika wapi. Ukikata, linasahau. Fundi akija kusoma anakuta pameshafutwa."

Alifikiri. "Lori langu halikuwa na kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alikuwa dereva." Halafu akauliza, taratibu, "Kwa hiyo nimekuwa nakuharibia kazi?"

Mtu mwingine angejibu hapana mzee, usiseme hivyo. Mimi sijui kusema vitu hivyo, vikifika kooni vinageuka.

"Ndiyo," nikasema. "Na bila wewe betri ingeniharibia. Mnapokezana tu."

Aliiweka spana juu ya ukuta, kitambaa juu yake, akapapasa njia akaingia ndani. Nikamsikia anamwambia binti yake amfunikie chakula, hana njaa. Mlango wa chumba ukafungwa.

Mke wangu alinisubiri mlangoni. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kwa mdomo huo huo?"

"Ninao mwingine?"

Akageuka akaenda kumfunikia baba yake chakula.

Alfajiri nilizungusha ufunguo. Tik, tik, tik. Taa za dashibodi zikafifia kama mtu anayesinzia, zikarudi kidogo. Nikajaribu tena. Tik. Ile ya njano, adui yangu, ilikuwa bado ipo, imedhoofika lakini ipo. Sikuwahi kufurahi kuiona hata siku moja, isipokuwa hiyo. Nikaenda kumwamsha mke wangu, nikamkuta ameshaamka, amejifunga kanga mbili na kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kulima.

"Twende," akasema. "Nimeisikia mpaka jikoni."

Nje mzee alikuwa amesimama kando ya gari, mkono juu ya boneti.

"Imekufa," akasema.

"Haijafa kabisa. Ina roho kidogo. Ikisukumwa itashika."

"Nani anasukuma?"

"Sisi wawili."

"Na usukani?"

Hapo ndipo nilipokuwa sijafika kimawazo. Mke wangu hajui kuendesha, na peke yake hawezi kulitikisa. Nami nikikaa ndani, hakuna anayesukuma. Majirani walikuwa bado wamejifungia, na saa ya mkononi ilikuwa inakwenda.

"Fungua mlango," mzee akasema.

"Baba, huoni!" mke wangu akasema.

"Kwani nakwenda mjini? Barabara ni moja, imenyooka, inashuka. Itanipoteaje? Klachi haishikwi kwa macho."

Chini ya mteremko kuna mtaro wa maji machafu, umejengwa kwa zege, na mbele yake hakuna ukuta. Nilifikiria mtaro, nikafikiria lile gari jeupe getini, tupu. Nikafungua mlango. Aliingia taratibu, akapapasa usukani, akapapasa gia, akajaribu breki kwa mguu, akaweka gia ya pili, akakanyaga klachi. Nikawasha swichi.

"Nikisema breki, unashika breki, mzee. Hapo hapo. Usiniulize kwa nini."

"Sukumeni."

Tukasukuma. Gari la kubebea mikate ni zito hata likiwa tupu. Mke wangu alikuwa upande wa kushoto, anahema.

"Leo ndiyo nimejua ulinioa kwa kazi gani."

"Usiongee, sukuma."

"Ningejua ningeolewa na yule mwenye baiskeli."

Likaanza kuteleza. Likapata mwendo. "Sasa!" nikapiga kelele, mzee akaachia klachi, gari likashtuka, likapiga chafya, likasimama. Mke wangu akajibamiza tumbo kwenye mlango wa nyuma. Tulikuwa katikati ya mteremko, nusu imeshaliwa.

"Mapema mno," mzee akasema dirishani. "Halijakimbia vya kutosha. Mbele kuna mtu?"

"Hakuna mtu, kuna mtaro!"

"Mtaro uko mbali?"

"Uko karibu!"

"Basi sukumeni kwa hasira."

Nilisukuma kwa hasira, hasira nilikuwa nayo ya kutosha. Miguu yangu ikawa inateleza kwenye mchanga, ndala ya mke wangu ikabaki nyuma, hakuirudia. Gari likatuacha mikono. Nikawa nakimbia pembeni yake, naona mtaro unakuja, naona kichwa cha mzee kimeinama kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Sikumwambia sasa. Aliachia mwenyewe. Injini ikakohoa, ikapiga moshi, ikashika.

"Breki!"

Akashika. Tairi zilikuwa hatua chache kutoka kwenye zege. Injini inanguruma, mzee anaipa mafuta kidogo kidogo isife, uso wake hauna habari. Nilishikilia mlango nikitafuta pumzi.

"Shuka, mzee. Nachelewa."

Hakushuka. Alihamia kiti cha pili, akivuka gia kwa shida. "Likizima njiani utasukumwa na nani?"

"Baba, hujavaa hata shati la kutokea!" Mke wangu alikuwa anashuka anachechemea, ndala moja mguuni.

"Mikate haitaniangalia."

Sikubishana. Niliondoka naye hivyo hivyo, amevaa fulana ya kulalia. Nilikuwa naogopa hata kubadilisha gia kwa nguvu.

Getini kwa Mama Tanuri lile gari jeupe lilikuwepo, milango ya nyuma imefunguliwa kabisa. Kijana amekaa kwenye bampa. Aliponiona alifunga mlango mmoja taratibu, wa pili akauacha. Mama Tanuri akatazama saa ya ukutani ndani, akanitazama mimi.

"Umewahi," akasema, kama anayenilaumu. "Mbona huzimi gari?"

"Nikizima nitachelewa."

"Na huyu?"

"Mkwe wangu. Ndiye stata."

Hakuelewa, akaona aibu kuuliza. "Mpakieni," akawaambia watu wake. Kijana akafunga mlango wa pili.

Tulimaliza maduka yote bila kuzima injini hata mara moja. Pale ambapo kwa kawaida nafunga gari, mzee alikaa ndani akilinda. Kwenye duka moja nilirudi nikakuta mwenye duka amempa chai, na mzee anamweleza jinsi ya kushuka mlima na mzigo.

Kipimo alituona tunaingia. Hakufanya mzaha. Labda kwa sababu ya mzee, labda kwa jinsi nilivyoonekana. Nywele zangu zilikuwa na mchanga na suruali imechanika gotini.

"Taa ipo?"

"Ipo."

Akachomeka. Mashine ikafikiri, mafundi wengine wakasogea, hata wale wa rangi. Halafu Kipimo akanigeuzia kioo. Kulikuwa na mstari mmoja wa herufi na namba.

"Huyu hapa," akasema. "Sensa ya krenki."

Mtu anategemea atafurahi. Sikufurahi. Nilitamani kukaa chini. Ni kama umesema jino linauma, unasema, unasema, watu wanakuangalia tu, halafu mmoja anachungulia anasema ni kweli, lina tundu.

"Imesema nini?" mzee akauliza kutoka ndani ya gari.

"Kuna kidude kinaiambia kompyuta kwamba injini inazunguka," Kipimo akamjibu kwa sauti, watu huwa wanadhani asiyeona pia hasikii. "Kikipata moto kinakufa ganzi. Kompyuta inaona injini imesimama, inakata moto wa plagi. Kikipoa kinaamka. Ndiyo maana asubuhi haizimi."

"Kwa hiyo lilikuwa linasema kila siku, mimi nalifunga mdomo."

Kipimo akaniangalia. Nikaangalia chini.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Kipimo alipata sensa ya aina hiyo kwenye duka la vipuri la jirani. Alizima injini, akaingia chini na tochi mdomoni. Mimi nilikaa kwenye kreti iliyopinduliwa kando ya mlango wa mzee, uliokuwa wazi. Alikuwa amegeuzia uso upande wa pili. Nikadhani amenuna.

"Mkwe," akasema, "ile betri ulisema mezani. Nikasikia, nikaitengeneza. Hii habari ya kuzima barabarani ulisema lini?"

"Sikusema."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Nikifika nyumbani nakuwa sina maneno, mzee. Nimeshayamaliza kwa wenye maduka."

"Hata mimi nilikuwa narudi hivyo hivyo. Naoga, nalala. Mama yenu habari za lori alikuwa anazipata kwa utingo." Akaguna. "Siku lori lilipopinduka, yeye alijua kabla sijafika nyumbani, akaja kunipokea stendi analia, na mimi nilikuwa nimeshapanga nisimwambie. Alininunia mwezi mzima. Si kwa kupinduka. Kwa kunyamaza."

Kipimo alitoka chini, amepakaa mafuta mpaka sikioni. Gari akaliwasha kwa waya kutoka betri ya gari lingine. Injini ikashika. Akachukua kipande kikubwa cha boksi akakipachika mbele ya rejeta kuzuia hewa.

"Tunaipika," akasema. "Ikipata moto ikazima, tumekosea. Ikipata moto isizime, tumeweza. Nyinyi kaeni msikilize, mimi nina wateja."

"Na kile kinachonyonya betri?" nikauliza.

"Kaka, kimoja kimoja."

Tukabaki wawili na injini. Mshale wa joto ulikuwa unapanda polepole. Mchana bekari ingekuwa inatoa mikate ya pili, na nilitakiwa niwe getini. Feni ikawaka, ikavuma, ikazima. Injini ilikuwa bado.

"Lilianzia wapi?" mzee akauliza.

"Nini?"

"Kuzima. Mara ya kwanza ulikuwa wapi?"

Nikamwambia. Lilianzia kwenye daraja, nyuma yangu kuna gari la maji. Akauliza nililitoaje pale. Nikamwambia. Akauliza na baada ya hapo. Nikamweleza la sokoni, nilivyoliacha katikati ya wauza nyanya wakanitaka nilipe nafasi. La kwenye kona ya shule, walimu waliposukuma na mikoba yao begani. Na kila nilipofika mwisho aliniuliza kitu, upepo ulitoka wapi, gia ilikuwa ngapi, mbona sikuteremka kinyumenyume. Feni iliwaka tena, ikazima tena. Mshale ulikuwa umekaa juu, hauendi popote.

"Na jana?"

"Jana kwenye taa za barabarani. Mwenye basi akaniambia nimpelekee mama yangu gari akafugie kuku."

Mzee alianza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho na ukingo wa ile fulana. "Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Hukumjibu!" akasema, anacheka tena, na injini ikaendelea kunguruma chini ya boneti, moto mkali, haijazima.